Kiti Kilichopita Mlango wa Uani

Dada Mkoba hakuiba kiti. Hilo lisemwe kwanza, tena kwa sauti, kwa sababu linalosemwa mtaani ni jingine. Inasemwa kwamba alimpindua marehemu kutoka kwenye kiti chake hata macho hayajafumbwa, akakisukuma kiti kupitia mlango wa uani alfajiri kama mwizi wa kuku, akakiuza, akalipia kodi ya chumba. Waliomwona akipita na kiti asubuhi ile walikuwa wawili tu. Wanaosimulia leo jinsi walivyomwona kwa macho yao wangejaza uwanja wa mpira.

Ni kweli alipita na kiti. Ni kweli ilikuwa alfajiri, na ni kweli alipitia uani. Yaliyobaki ni chuku. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye baraza za mtaa huu. Anayeyaandika haya ni wifi yake, mjane wa kaka yake mkubwa. Jina la ukoo analolibeba Dada Mkoba ndilo wanaloitwa watoto wa kaka yake shuleni na makazini, na mchuma janga hula na wa kwao. Basi yasomwe kama yalivyokuwa.

Jina la Dada Mkoba alipewa na wagonjwa wake, kwa ajili ya mkoba wa turubai wa bluu aliokabidhiwa na kikundi cha wahudumu wa wagonjwa majumbani. Ndani yake mlikuwa na glavu, sabuni, bandeji, mafuta ya kupaka mgongoni na vitambaa safi alivyokata mwenyewe kutoka kwenye mashuka yaliyochakaa. Alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa wale ambao hospitali imeshawarudisha nyumbani na jamaa hawajui waanzie wapi. Kumgeuza mgonjwa asioze mgongo. Kumwosha bila kumwaibisha. Kumkanda miguu iliyosahau kutembea. Kumfundisha mkwe namna ya kumnyanyua mkwewe bila kujivunja kiuno. Kazi yenyewe ni ya kujitolea, yaani haina mshahara. Ina posho, na posho huja inapojisikia.

"Posho yetu ni kama mjomba wa mbali," alizoea kusema. "Tunaambiwa yupo, anatusalimia, ila hajawahi kulala kwetu."

Kilichomlisha kilikuwa mashuka. Kila asubuhi alifua katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya kituo cha mabasi, akiinama juu ya karai mpaka jua lipande ukuta, akiyakamua mashuka ya watu wasiomjua wala yeye asiowajua, ingawa alisema shuka la mtu likikufikia mkononi huwi mbali sana na kumjua. Akimaliza kuanika, vidole vimenyauka kama vya mtoto aliyekaa majini, ndipo hufunga kitambaa kichwani, huchukua mkoba na kuanza mzunguko wa wagonjwa. Alirudi chumbani jioni miguu imevimba, akalala na viatu zaidi ya mara moja. Chumba chenyewe kilivuja upande wa miguuni mwa kitanda. Alihamisha kitanda, mvujo nao ukahama ukamfuata. Akaacha kubishana nao, akaweka sufuria.

Siku moja wifi yake alimwuliza, wakiwa wawili tu, "Umesoma, unaandika barua zilizonyooka. Kwa nini usitafute hata kazi ya dukani ukaachana na migongo ya watu?"

"Nikiacha, wifi, yule bibi wa nyuma ya mashine ya kusaga nani atamgeuza?"

"Ana watoto sita."

"Watoto sita wote wanamwogopa. Wanasimama mlangoni kama wanaangalia simba."

Wifi yake alikuwa na jibu zuri, tena lililopangika. Lakini alipoinua uso alikuta Dada Mkoba amelala vilevile ameketi, kikombe cha chai mkononi, hata tone halijamwagika.

Sasa habari ya kiti. Kikundi kilikuwa na kiti kimoja cha magurudumu kwa upande ule wote wa mtaa, na mgongoni kwake mtu mwenye mkono wa kutetemeka alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe MALI YA KIKUNDI. Kiti hicho kilihama kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine, na wahudumu walikuwa na sheria moja juu yake ambayo haikuandikwa popote: kiti hakihudhurii msiba. Mgonjwa akifa, kiti kinatoka nyumbani kabla waombolezaji hawajaanza kuingia, tena kinatokea nyuma. Ni sheria mbaya kuitazama, na wahudumu wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini waliifikia kwa kuumia. Zamani kidogo mhudumu mmoja mwenye haya alikiacha kiti cha kabla ya hiki mpaka kilio kiishe, kwa heshima. Kilio kilipoisha, mpwa wa marehemu alikuwa ameshakifunga juu ya basi na kuondoka nacho, ati ni ukumbusho wa mjomba. Nani atasimama mbele ya watu wenye macho mekundu aanze kudai kiti? Tangu hapo, mhudumu akisikia pumzi ya mwisho, anafumba macho ya mgonjwa, anamweka sawa, anampa pole mfiwa, na mkono unakwenda kwenye kiti. Unakwenda wenyewe.

Wakati huo kiti kilikuwa kwa Fundi Saa.

Fundi Saa alikuwa mzee wa maneno machache na mzaha mkavu. Alikuwa ametengeneza saa za mtaa mzima kwenye kibanda cha upana wa kabati, mpaka kiharusi kilipomchukua upande wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki wake. Dada Mkoba ndiye aliyemwinua kutoka kitandani na kumweka kitini, na wiki chache hazikupita mzee akawa amechonga ubao mdogo wenye kingo, akaufunga kwa skrubu kwenye mkono wa kiti. Juu ya ubao huo aliweka bisibisi zake nyembamba kama uzi na kioo cha kukuzia, akaanza tena kufungua saa kwa mkono mmoja. Saa nyingi hazikupona. "Hata madaktari wangu nao wanajaribu tu," alisema.

Mwanawe wa kwanza alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali. Aliposikia baba yake anakaa kwenye kiti cha kuazima chenye maandishi mgongoni, ilimwuma. Alijinyima, akanunua kiti kipya, akakituma. Kiti kilikuja kimefungwa kwenye karatasi ngumu, majirani wakakusanyika kukitazama kikifunguliwa. Kilikuwa kiti cha heshima: magurudumu manene, breki za chuma kinachong'aa, mikono yenye sponji. Mke wa Fundi alilia kwa furaha. Wakampandisha mzee, wakampiga picha, ikatumwa.

Kisha mzee akataka kwenda msalani. Kiti hakikupita mlangoni.

Walikijaribu kwa mbele, wakakijaribu kwa nyuma. Dada Mkoba alikiinamisha ubavu mpaka mzee akashika ukuta. Hakikupita. Na ile mikono yenye sponji haikuwa na mahali pa kutia skrubu.

"Hiki si kiti," Fundi Saa alisema. "Hiki ni gari. Kinataka geti, si mlango."

"Tutabomoa mlango," mkewe alisema.

"Nyumba yenyewe ya kupanga, mama. Utabomoa mlango wa mtu?" Akamgeukia Dada Mkoba. "Nirudishie kile changu cha zamani. Hiki kampe mtu mwenye nyumba pana. Badili kwa badili: mimi nabaki na kile, nyinyi mnachukua hiki. Ila mwanangu asijue. Amejinyima huko. Niahidi."

Dada Mkoba alimwahidi. Mke wa Fundi alikuwa amesimama palepale, mkono mdomoni, akaitikia kwa kichwa.

Kiti kipya kikaenda kwa Msusi, mwanamke mwenye mwili mkubwa na ulimi mkubwa zaidi, ambaye alianguka kwenye ngazi akianika nguo na hakusimama tena. Kwake hapakuwa na shida ya milango. Alikuwa akiishi kwenye chumba kilichokuwa duka, mlango wa mbao mbili ukifunguka wote. Kiti kile kilimfaa kama kiatu. Alifunga breki, mteja akakaa chini mbele yake kwenye kigoda, na vidole vya Msusi vikaanza tena kusuka na kumlisha. Kabla ya hapo alikuwa akilala akitazama dari, akiwatukana panya.

Shida ilibaki moja: picha. Kila mara mwana wa Fundi alipopiga simu aliomba atumiwe picha ya baba kwenye kiti. Basi ikawa Dada Mkoba, akitoka kufua, kiuno kinamlilia, anapita kwa Msusi kuazima kiti.

"Leo tena kinaitwa studio?" Msusi angeuliza. "Kiti changu kimekuwa mwigizaji. Haya, nishushe kwenye ndoo, lakini kirudi kabla wateja hawajajaa. Sitasuka mtu nikiwa nimekaa kwenye ndoo kama kuku anayetaga!"

Kikasukumwa mtaa mzima hadi kwa Fundi. Mzee akabadilishiwa shati, akachana nywele mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akapandishwa, akatabasamu, akashushwa. Kikasukumwa kurudi. Haya yote yalifanyika mchana kweupe, na baraza zile zile zinazosema leo zilikiona kiti kikienda na kurudi, zikacheka, wala hazikuuliza. Dada Mkoba alichoka kiasi cha kulia kwa sababu ya picha zile. Hakulia. Alisema tu kwamba mzee siku ya picha alikula vizuri.

Fundi Saa alikufa usingizini, kukipambazuka. Mkewe alimtuma jirani amwite Dada Mkoba, akaja kabla hata hajagusa mashuka ya siku ile. Alimfumba macho. Alimnyoosha mkono uliokuwa umekunjamana tangu kiharusi, polepole, kama anayenyoosha karatasi. Alimfunga kidevu kwa kitambaa, akamwosha uso, akambadilishia shuka. Akakaa na mke wa Fundi kitandani, wakashikana mikono. Nje sauti zilianza kusikika za majirani kuamshana.

Hapo mkono ukaenda kwenye kiti. Ulikwenda kwa mazoea, kama ulivyokwenda kwenye nyumba nyingine nyingi. Dada Mkoba alikikunja kiti cha zamani, chenye ubao wa mzee bado umefungwa, akatoka nacho uani. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya kisima ndipo akakumbuka: badili kwa badili. Kiti kile kilikuwa kimeshakuwa cha Fundi. Cha kikundi kilikuwa kwa Msusi. Alikuwa ameacha nyumba haina kiti kabisa, cha zamani wala kipya.

Alisimama pale, kiti mkononi. Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kuingia, na kilio cha kwanza kikapanda. Angerudi na kiti mbele yao, aseme nini? Akaona heri akiweke chumbani mpaka mambo yapoe. Hilo ndilo kosa lake, nalo lisifichwe. Lakini ni kosa la mtu aliyechoka.

Mwana wa Fundi aliwasili mazishi yakiwa yameshapita. Alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, mzigo begani, akawakuta jamaa wamejaa uani. Alilia kama anavyolia mtu aliyechelewa. Aliponyamaza akaangaza macho kote, akauliza mbele ya watu wote:

"Kiti cha baba kiko wapi?"

Mama yake, akitazama sakafu, akasema, "Dada Mkoba alikichukua."

Neno hilo lilikuwa la kweli, na uongo wote uliofuata ulipanda juu ya mgongo wake. Mama hakuongeza lingine. Majirani ndio walioongeza. Wawili waliomwona alfajiri walisema walichokiona, wa tatu akasema alichokidhania, wa nne akasema bei. Kabla jua halijazama, kiti kilikuwa kimeshauzwa, kimenunuliwa, na mnunuzi ana sura.

Siku iliyofuata Katibu wa kikundi alimwita Dada Mkoba. Katibu ni mwanamke wa haki, lakini kikundi kinaishi kwa kuaminiwa, na wafadhili wana masikio marefu.

"Si kwamba nakushuku, dada yangu," alisema. "Lakini kiti cha yule kijana kiko wapi?"

"Kipo."

"Kipo wapi?"

"Kina mtu."

"Kilifikaje kwa huyo mtu?"

Dada Mkoba akaanza kukunja kitambaa kilichotokeza mkobani. Katibu alisubiri, akapumua. "Basi mkoba uache hapa, mpaka mambo yatulie."

Kuacha mkoba lilikuwa jambo dogo. Glavu hazimfanyi mtu mhudumu. Jambo kubwa lilikuwa milango. Kazi ya Dada Mkoba yote ilikaa juu ya jambo moja: kwamba angeweza kuingia ndani ya nyumba ya mtu asiyeweza kuinuka, nguo zimeanikwa, fedha chini ya godoro, dhahabu ya bibi kwenye kopo, na asishukiwe. Hilo likiondoka, hana kazi. Alikwenda kwa yule bibi wa nyuma ya mashine ya kusaga, mikono mitupu. Mkwe wa bibi alifungua mlango kiasi cha upana wa pua yake.

"Bibi amelala," alisema.

Kutoka ndani sauti ya bibi ikapaa, kali kama ya kengele: "Nani huyo? Ni Mkoba? Mbona haingii?"

"Umelala, mama!" mkwe akamjibu bila kugeuka, na mlango ukafungwa.

Jioni hiyo wifi yake alimfuata chumbani. Alikuwa ameyasikia mengi njiani, na hakuwa na furaha. "Jina la nyumba hii halikuokotwa jalalani," alianza. "Baba yenu alilijenga kwa..." Akakiona kiti. Kilikuwa nyuma ya pazia, kimekunjwa, maandishi meupe yakimtazama, ubao mdogo umefungwa mkononi mwake. Akaketi. Ndipo Dada Mkoba akamwambia yote, kwa sauti ndogo, akivua viatu.

"Na kwa nini husemi?"

"Nilimwahidi mzee."

"Marehemu hana haja tena na ahadi. Mwenye haja ya jina ni wewe uliye hai."

"Na mama yule? Nimsimamishe mbele ya mwanawe niseme, zile picha zote tulizokutumia ni maigizo, na mama yako ndiye aliyekuwa anashika simu?"

"Aliyekuita mwizi ni yeye."

"Hakuniita mwizi, wifi. Alisema nilikichukua." Akajilaza ubavu. "Kama ni kusema, nitasema. Ila nilale kwanza."

Wifi yake alimfunika, akamwaga sufuria ya maji iliyokuwa imejaa miguuni mwa kitanda, akaondoka.

Asubuhi Dada Mkoba hakusema. Alichagua njia aliyoiona rahisi: kuchukua kiti kipya kwa Msusi, kukirudisha kwa mwenyewe, yaishe. Alipofika, Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja, chanuo limechomekwa nyweleni.

"Nimekuja kukuomba kiti."

"Studio tena? Mzee si amezikwa?"

"Naomba kabisa, dada. Kinarudi kwao."

Mikono ya Msusi ilisimama. Akamtazama Dada Mkoba toka kichwani hadi miguuni, akasema taratibu, "Kwa hiyo wewe uitwe mwizi, na mimi nirudi kwenye dari yangu na panya. Halafu tukishafanya hivyo, nani amepona?"

"Mimi nitapumzika."

"Utapumzika kaburini kama sisi wote. Kiti sikitoi. Mwenye kukitaka aje anitoe mwenyewe." Akampiga mteja wake begani. "Wewe, unaishi jirani na wafiwa, si ndiyo? Nikikumaliza, pitia pale umwambie yule kijana kiti chake kipo kwa Msusi, na Msusi yupo juu yake. Na wewe, Mkoba, kaa hapo. Usinikimbie."

Dada Mkoba alikaa, kwa kuwa miguu ilishakataa. Alikuwa amewaza kukimbia tu ili asimwone kijana yule usoni, lakini hata hilo lilitaka nguvu.

Mwana wa Fundi alifika mchana, amevaa shati jeusi, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi la mtaa aliouacha zamani. Alisimama mlangoni. Alikiona kiti chake: magurudumu manene, breki, mikono yenye sponji ambayo sasa ilikuwa imepakwa mafuta ya nywele. Na juu yake Msusi, ameshaanza kichwa cha mteja mwingine.

"Karibu, mwanangu, na pole sana kwa msiba," Msusi alisema bila kuacha kusuka. "Kiti chako hiki hapa. Nishike kwapani, huyu atashika miguu, mnishushe chini. Ila mteja huyu ameshalipa, na nimefika nusu. Utamalizia wewe?"

Kijana akashika mgongo wa kiti. "Nilimnunulia baba."

"Najua. Na baba yako alikitoa kwangu, kwa mdomo wake."

"Baba alikuwa akikikalia. Nina picha."

"Zote ninazijua. Ile ya shati la kijani, mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikisubiri kirudi. Ile aliyocheka sana, kuku aliingia chini ya gurudumu, niliambiwa." Hapo sauti ya Msusi ikalainika. "Hakikupita mlango wa msalani, mwanangu. Ni hilo tu. Kilikuwa kizuri kuliko nyumba yenu."

Kijana alimgeukia Dada Mkoba. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Alinikataza nisikwambie. Alijua ulivyojinyima."

"Na mama alijua?"

Dada Mkoba alisugua magoti yake. "Mzee alikuwa anachana nywele mwenyewe siku ya picha," alisema. "Hata kama mkono ulikuwa unamwuma."

Kijana hakuuliza tena. Akataka kukiona hicho kiti kingine.

Wakaenda chumbani kwa Dada Mkoba. Alikivuta kiti nyuma ya pazia na kukikunjua. Mwana wa Fundi alipiga goti mbele yake, kama angepiga mbele ya mtu. Turubai la kukalia lilikuwa limezama kwa umbo la baba yake. Kwenye pembe ya ubao palikuwa na skrubu moja ndogo ya saa, ndogo kama chembe ya mchanga. Aliigusa kwa ncha ya kidole. Alikaa hivyo mpaka Dada Mkoba akatamani kutoka nje amwachie chumba, lakini mlangoni majirani walishasimama, akaona heri afunge.

"Nipe hiki," kijana alisema mwishowe.

Dada Mkoba aliushika mkono wa kiti.

"Cha kwangu abaki nacho yule mama. Nimemwachia. Lakini hiki nipe, niende nacho. Nipe hiki, dada, na leo hii nitasimama uani kwetu niseme mbele ya watu wote. Nitakwenda kwa Katibu wako mwenyewe. Nitasema wewe ndiye uliyemtunza baba."

Kwa muda mfupi Dada Mkoba aliyaona yote yakipita mbele yake: mkoba umerudi begani, mlango wa bibi unafunguka wote, anaingia, hakuna anayehesabu vijiko nyuma yake. Analala usiku kucha. Ingechukua neno moja tu, na kwa kipimo cha badili kwa badili kiti kilikuwa halali ya kijana yule. Lakini sasa kijana ameshamwachia Msusi kile kipya kwa jina la Msusi, si kwa jina la kikundi. Akichukua na hiki, kikundi hakina kiti. Na ng'ambo ya mtaro palikuwa na mzee mchukuzi, aliyebeba magunia sokoni maisha yake yote, ambaye sasa alikwenda msalani kwa viwiko. Alikuwa ameshaambiwa kiti kinakuja.

"Ubao ni wenu," alisema. "Mzee aliuchonga mwenyewe. Kiti kina mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu anayetambaa."

"Nitawanunulia kingine. Nikifika tu huko, nitatuma."

"Kikija hicho kingine," Dada Mkoba alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka tu kuketi, "hiki nitakuletea mwenyewe, nimekisafisha."

Kijana akainama, akafungua skrubu za ubao kwa ncha ya kijiko, kwa kuwa bisibisi haikuwepo, akauweka kwapani akatoka. Majirani wakampisha. Wakamwuliza amepata alichofuata? Akapita bila kujibu. Alisafiri baada ya siku chache. Uani kwao hakusimama, na kwa Katibu hakwenda. Kiti kingine hakijaja.

Mzee mchukuzi aliwekwa kitini asubuhi iliyofuata. Katibu alikikuta hapo, akayasoma maandishi ya mgongoni, akapita na kwa Msusi akasikia yaliyobaki, akamrudishia Dada Mkoba mkoba wake. Glavu hazikuwemo, mtu alishazitumia. Bibi wa nyuma ya mashine ya kusaga alifunguliwa mlango pale mgongo wake ulipoanza kuchubuka na watoto sita wakashindwa kuutazama. Milango mingine bado imefungwa. Dada Mkoba bado anafua asubuhi na kuzunguka mchana, na mkoba ule ule wa bluu, na anapopita baraza zinanyamaza mpaka apite.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kijana ni mtu mzima na ana yake, hatumlaumu. Ama wanaotaka kujua kwa nini mke wa Fundi Saa alitazama sakafu siku ile, na kwa nini mpaka leo hajafungua kinywa, nyumba yake wanaijua, wakabishe hodi. Wifi wa Dada Mkoba ameulizwa hilo sokoni, ameulizwa kisimani, na ameulizwa mlangoni kwake na watu waliojifanya wameleta salamu. Hatalijibu. Hana neno la kuongeza.